Ramani ya Msitu wa Mjomba

Katika siku zote za ujana wangu, mwanangu, iko moja ambayo huikumbuka kwa pua kabla sijaikumbuka kwa macho. Ilikuwa asubuhi, nami nimerudi Likoni kwa likizo kutoka chuo kikuu huko Kampala. Mjomba wangu Hamisi alikuwa ametandaza nyavu zake za kuwindia uani ili azikague. Zilinuka moshi, jasho na majani yaliyooza, maana nyavu za msituni hazifuliwi. Hadi leo nikipita mahali panapochomwa majani mabichi husimama kidogo. Watu hudhani nimechoka.

Nikueleze kwanza mjomba huyu alikuwa nani kwangu. Kwetu sisi Wadigo, zamani mtu hakumrithi baba peke yake. Yako mambo aliyoyarithi kwa ndugu wa mama. Mama yangu alikuwa na kaka mmoja tu, na kaka huyo hakuwa na mpwa mwingine ila mimi. Kwa hiyo nyavu zile zilikuwa zikinisubiri tangu siku niliyozaliwa. Yeye aliniita mjomba, nami nilimwita mjomba, kama ilivyo desturi.

Kilichorithiwa hasa hakikuwa nyavu. Nyavu mtu yeyote angeweza kuzisuka kwa kamba za mkonge akiwa na subira. Kilichorithiwa ni mahali pa kuzitega. Msitu ulianza nyuma ya mashamba yetu ya mihogo na kwenda mbali kusini, na ndani yake mjomba alijua kila kijia cha paa na cha funo, kila kichaka wanapolala, kila dimbwi linalobaki na maji wakati wa kiangazi. Kila mahali palikuwa na jina. Wawindaji, pamoja naye, walikuwa wanaume sita. Watatu walisimama kwenye nyavu, watatu wakaingia upande wa pili na kupiga makofi na kukohoa, taratibu, bila kelele nyingi, mpaka mnyama aje mwenyewe wavuni. Walipenda wavu kuliko bunduki kwa sababu wavu humshika mnyama mzima, ukapata nafasi ya kumwelekeza kibla na kumchinja kwa jina la Mwenyezi Mungu. Bunduki humuua mbali, ukafika umekuta mzoga.

Sasa, walikuwa na sharti moja. Jina la mahali pa msituni halikutajwa nje ya msitu. Hulitaji nyumbani, hulitaji msikitini, hulitaji kahawani. Mjomba angekufundisha mkiwa mmesimama pale pale, miguu yako ikiwa juu ya udongo wenyewe, na baada ya hapo ulinyamaza.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilikuwa nimesoma. Nilikuwa mtu wa kuuliza kila kitu, mwanangu. Niliuliza kwa nini imamu asimame mbele na si katikati, kwa nini bibi harusi afichwe siku zote zile, kwa nini Mzungu akae Nyali na sisi tukae huku. Maswali mengine yalikuwa na maana na mengine yalikuwa ya kujionyesha, na wakati ule sikujua kuyatofautisha. Hilo la majina nalo nililiuliza, pale pale uani, mbele ya wenzake. Nilimuuliza kama miti ya Likoni ina masikio kuliko miti ya Kampala.

Wenzake walicheka. Rashidi, ambaye ndiye aliyekuwa mtani wetu na hodari wa kupiga makofi vichakani, alisema ameambiwa huko Kampala wanafundisha kusoma tu, kumbe siku hizi wanafundisha na uchekeshaji. Mjomba hakukasirika. Aliendelea kufunga fundo lililokuwa limelegea, kisha akasema, "Miti haina masikio, mjomba. Watu ndio wanayo."

Nililichukua jibu lile kama jibu la mtu aliyeshindwa hoja.

Asubuhi ile lakini hawakuwa wakikagua nyavu kwa furaha. Msitu ulikuwa wa serikali. Katika vitabu vyao uliandikwa kuwa ni ardhi iliyoshikwa kwa amana, kwa faida ya wenyeji, na kuingia kuwinda kulitaka kibali. Babu yangu aliingia bure. Mjomba alipokuwa kijana ilitakiwa karatasi tu, ambayo karani wa misitu aliigonga muhuri na kumtakia heri. Baadaye karatasi ikawa na bei, bei ya kuku mmoja, kisha kuku wawili. Mwaka huo niliorudi, kibali cha msimu kilikuwa kimefika bei ya mbuzi, na kila mwindaji alitakiwa awe na chake. Paa mwenyewe ni mdogo kuliko mbuzi. Ungewinda msimu mzima ili ulipe ruhusa ya kuwinda.

Mjomba alikuwa na swali moja tu juu ya jambo lile, na aliliuliza kwa utulivu mpaka nikaona haya kwa niaba ya serikali. Alisema yeye aliwahi kuwekewa amana na jirani aliyekwenda Hija, mbuzi na sanduku, na jirani aliporudi alivichukua vitu vyake akenda zake. Mjomba hakumtoza kuja kuviangalia. Sasa hii ni amana ya namna gani?

Nikasema hapo ndipo elimu yangu itakapowafaa.

Nilikuwa nimesoma sheria zile maktabani, au tuseme nilikuwa nimezisoma nusu. Nilijua kwamba wenyeji wakithibitisha wametumia ardhi kwa muda mrefu, huweza kuomba wapunguziwe au wasamehewe ada. Kuthibitisha ni nini? Ni maandishi. Serikali iliuona ule msitu mtupu kwa sababu kwenye ramani yake ulikuwa doa la kijani lisilo na neno hata moja ndani. Nikawaambia, tukiwaonyesha kwamba kila pembe ina jina, jina lililotolewa na wazee wetu, nani atasema si petu? Nilitaka mjomba anitembeze msitu mzima, nami niuchore.

Wenzake waliinamia nyavu. Rashidi alitazama pembeni, na yeye hakuwa mtu wa kukosa utani. Mjomba aliniangalia kwa muda mrefu. Nimekuwa nikiurudia ule mtazamo kwa zaidi ya miaka hamsini, na nadhani sasa naujua. Hakuwa akipima hoja yangu. Alikuwa akimtazama mtoto wa dada yake, aliyemlipia karo ya shule kwa kuuza nazi, na aliona kwamba akinikatalia atakuwa ameikataa ile karo yote. Akasema, "Haya. Lete kalamu yako."

Tulitembea asubuhi nne. Lau ningejua, ningeziweka asubuhi zile mahali nisipozigusa. Yeye mbele na panga dogo, mimi nyuma na daftari. Hakuenda haraka. Alisimama, akanionyesha kwa kidevu, akataja jina kwa sauti ya chini: Mlango wa Funo, Walipolala Watatu, Kwa Mama Saidi, Dimbwi la Kanga. Nikauliza huyo Mama Saidi ni nani, akaniambia alikuwa mwanamke aliyepotea humu akichanja kuni enzi za nyanya yake, akakutwa siku ya pili ameketi mahali pale pale akiimba. Nikaandika "Kwa Mama Saidi" na kuweka nukta. Wimbo sikuuliza ulikuwa upi. Mimi niliyeuliza kila kitu.

Siku ya nne, jua limeshapanda, tulifika penye kichaka kizito cha miiba. Niliona kijia chembamba kimeingia chini yake, kimelainishwa na nyayo za watu wala si za wanyama. Nikamwuliza huku kuna nini. Akasema hakuna kitu, turudi. Nikajua ananificha, na kwa kiburi changu nikaona ni jambo dogo. Ramani ilikuwa imejaa kiasi cha kutosha.

Niliichora upya kwa wino, nzuri, yenye kipimo na mshale wa kaskazini, nikavuka na feri kwenda mjini. Karani wa misitu alikuwa mtu wa adabu, wa ukoo wa zamani pale kisiwani, mwenye kofia iliyodariziwa vizuri. Aliikunjua ramani juu ya meza, akaifuata kwa kidole toka pembe hadi pembe. Kisha akaniita niingie nayo kwa bwana misitu, Mzungu mrefu aliyesimama kunipa mkono. Nakwambia kweli, nilifurahi kushikwa mkono ule. Alisema amefanya kazi miaka mingi na hajaona kitu kama hiki. Akaniuliza Dimbwi la Kanga lina maji mwaka mzima? Nikamjibu ndiyo, mwaka mzima. Nilijibu maswali yake yote, na kwenye feri ya kurudi nilisimama mbele kabisa kama mtu aliyeshinda kesi.

Niliporudi likizo iliyofuata, nilikuta pembeni mwa mashamba yetu kumesimikwa ubao. Msitu ulikuwa umegawanywa vitalu. Kila kitalu kilikuwa na jina lake, na majina yalikuwa yetu. Mlango wa Funo ulikuwa na bei yake. Kwa Mama Saidi palikuwa na bei yake. Dimbwi la Kanga, kwa kuwa lina maji mwaka mzima, lilikuwa ghali kuliko vyote. Kibali chake kilifika bei ya ng'ombe. Walioweza kukilipa walikuwa wageni waliokuja kwa magari kutoka hoteli za Shelly Beach, na bunduki zao na chupa zao za chai.

Nilivuka kwenda kumuuliza karani. Hakuwa mtu mbaya, wala sitaki umfikirie hivyo. Alinikaribisha kiti, akanieleza kama mtu anayemweleza mwenzake wa kazi. "Zamani tulikuwa tukiutoza msitu bei moja, bwana, kwa sababu hatukujua ndani mna nini. Sasa tunajua. Mahali pazuri na mahali pabaya hapawezi kuwa na bei moja, si ndiyo?" Na ombi letu la kusamehewa ada? Alisema liko kwenye jalada, linasubiri.

Nilirudi nikawaambia wale sita. Nilisema yote bila kuficha. Hilo peke yake ndilo ninaloweza kujisifia. Rashidi akasema, "Basi msomi wetu amewapeleka wageni mpaka chumba cha kulala, akawaonyesha na upande wa kulalia." Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Mjomba aliuliza jambo moja. "Majina wameyaandika vizuri?"

Nikasema ndiyo, vizuri.

"Afadhali," akasema, akaingia ndani. Jioni ile alizikunja nyavu na kuzipandisha darini juu ya jiko.

Baada ya muda nikaajiriwa ualimu pale Changamwe, nikapata mshahara, na mara moja nilikwenda kumwambia nitamlipia kibali, kitalu akitakacho. Alinishukuru kwa maneno marefu, kama anavyoshukuriwa mtu wa nje. Akasema nikimlipia ataingia kama mgeni wangu, na yeye hajui kuwa mgeni mle. Alikuwa akinipokea kila Ijumaa, tunakula samaki na wali, ananiuliza habari za wanafunzi. Msitu hatukuutaja. Niliona wanaume wengine wakilalamika kwamba wajomba zao wanawafokea, nikawaonea wivu.

Kisha uhuru ukaja. Sikwambii furaha ya siku zile, maana wewe umeikuta kwenye vitabu na vitabu havikupata ile sauti. Mimi niliona kila kilichokwenda kombo sasa kitanyooka, na cha kwanza ni msitu. Nilisubiri wiki kadhaa, nikavaa suti, nikavuka.

Bwana misitu alikuwa amekwenda kwao. Kitini pake alikaa yule yule karani, na kofia ile ile. Ramani yangu ilikuwa ukutani nyuma yake, imetiwa kioo. Vitalu vilikuwa vile vile na bei ilikuwa imepanda tena. Nikamwambia, lakini sasa nchi ni yetu. Akanijibu kwa upole, na naamini alimaanisha, "Ndiyo maana, mwalimu. Zamani ilikuwa mali ya wageni. Sasa ni amana ya nchi nzima, sharti ituletee kitu."

Ijumaa ile nilikula wali kwa mjomba na sikuweza kumwambia nilikotoka. Yeye ndiye aliyeanza. Alikuwa amekonda, kifua kilimsumbua, na alikuwa akila kwa kunifurahisha tu. Akasema, "Mjomba, kile kichaka cha siku ya nne. Unakikumbuka?" Nikasema nakikumbuka. Akasema kuna mahali nyuma yake ambapo mjomba wake alimpeleka mara moja tu, na yeye anatakiwa anipeleke mara moja tu, na anaona wakati wenyewe umekaribia. "Safari hii lipa," akasema. "Sina tena nguvu za kuwa mkaidi."

Nililia njiani kurudi Changamwe, si kwa huzuni bali kwa kuwa nilikuwa nimesamehewa.

Jumatatu nilimchukua asubuhi na mapema. Alitembea akinishika bega, akapumzika kila baada ya shamba. Nilikuwa na fedha mfukoni, nikitaraji kulipa kwa askari wa misitu pale pale penye ubao, kama tulivyosikia inaruhusiwa. Na askari aliyetoka kibandani amevaa kaki, mwanangu, alikuwa Rashidi. Nyavu zilipopanda darini alikaa bila kazi mwaka mzima, wakaja kumwajiri kwa sababu aliujua msitu. Alimwona mjomba akavua kofia.

"Shikamoo, Mzee Hamisi," alisema. Mjomba akamwitikia marahaba, akamtania kwamba kaki inampendeza, anafanana na gunia la kahawa. Rashidi alijaribu kucheka. Nikatoa fedha za kitalu chenye kichaka cha miiba. Akatikisa kichwa na kusema kitalu kile kimekodiwa wiki nzima, wageni wa hotelini wamo ndani na bunduki, na hakuna ruhusa ya mtu mwingine kuingia mpaka Jumapili.

Nikaanza kubishana naye. Nilimwambia yeye aliyesema habari ya chumba cha kulala ndiye leo anayekaa mlangoni. Ni neno ambalo ningependa kulirudisha. Aliinamisha uso. "Wanaye mkubwa wao anayepita kila siku," alisema. "Nina watoto watano. Mzee, usinitie mtihanini."

"Hatukutii," mjomba akasema. "Jumapili si mbali."

Tuliketi kidogo pale kando ya ubao ili apumzike. Kutoka ndani ilisikika bunduki, mara mbili, mbali. Mjomba aliinua kidevu kuelekea sauti, kama alivyokuwa akinionyesha mahali, na nikaona midomo yake ikitaja jina bila kulitoa.

Jumapili hakuweza kuinuka kitandani. Nilikaa naye. Nilimwomba aniambie pale pale, anieleze ni mahali gani, panaitwaje, nami nitapatafuta mwenyewe. Nilisema hata sitaandika. Akatabasamu kwa neno hilo. Akasema, "Nikikwambia hapa utapata jina, mjomba. Mimi nilitaka upate mahali." Akafariki kabla ya Ijumaa, na tulimzika kwenye makaburi yaliyo juu ya mashamba, ambako ukisimama unauona msitu.

Nikarithi nyavu. Baada ya arobaini nilivuka, nikalipa kibali cha siku moja cha kitalu kile kwa bei waliyotaka, nikaingia peke yangu. Ramani sikuihitaji, niliichora mwenyewe. Lakini vijia vilikuwa vimefungwa. Sikuwa nimejua kwamba ni wao sita waliokuwa wakiviacha wazi, kwa kupita tu. Nilifika penye miiba nikainama, nikatambaa, nikachanika shati na mkono, na kila upande ulikuwa sawa na mwingine. Niliketi chini kwa muda. Nilijaribu kupiga makofi na kukohoa kama Rashidi. Hakuna kilichokuja. Nikatoka kabla ya adhuhuri, kibali changu cha siku nzima bado kimo mfukoni.

Sasa nikuambie ninachotaka kukuambia, maana nakuona na wewe umerudi kutoka chuo na daftari lako, unataka niketi nikusimulie mambo ya wazee upate kuyaandika. Sikukatazi kuuliza. Mimi mwenyewe bado nauliza, wala siamini hata leo kwamba miti ina masikio. Lakini ukionyeshwa kitu na mtu anayekupenda, usidhani amekubali kitolewe kwa sababu tu hakusema hapana. Mjomba hakukubali ramani ile. Alishindwa kunikatalia mimi. Ni vitu viwili, na kijana mwenye haraka huona ni kimoja. Mpe mtu nafasi ya kukukatalia, na akikukatalia mpende vile vile, ndipo utajua umeruhusiwa nini. Na kabla hujapeleka mahali popote ulichopewa, uliza kwanza swali ambalo msomi mimi sikuliuliza: huko kinakokwenda, kitafanyiwa nini, na nani atalipa. Daftari likae mfukoni kwanza. Tembea nyuma ya mtu wako asubuhi nyingi kuliko nne. Muulize wimbo ulikuwa upi.

Mwenyezi Mungu akuwekee wakubwa zako muda mrefu kuliko nilivyowekewa mimi, mwanangu. Akupe miguu ya kuwafuata wangali wanaweza kutembea, na siku watakapokuambia twende, akunyooshee njia, pasiwepo mtu mlangoni.